Dole Gumba la Shemeji

Leo asubuhi nimetuma video ya dakika 8 kwenye kundi la familia, na shemeji yangu amenijibu kwa dole gumba baada ya sekunde 4. Mimi si mtu wa kuwahesabia wenzangu sekunde, lakini za leo nimezihesabu, kwa kuwa nilikuwa nimeikodolea simu macho nikisubiri ukoo mzima upigwe na butwaa. Video yenyewe ilikuwa ya ile okestra ya Vienna, nchini Austria, ambayo tangu mwaka 1998 hupiga muziki kwa mboga: karoti hutobolewa zikawa filimbi, maboga yakawa ngoma, na kwa kuwa mboga hazidumu, ala huchongwa upya kwa kila onyesho, kisha mboga zinazosalia hupikwa supu wakanywa wasikilizaji. Nauliza kwa heshima zote: hayo nayo ni ya kupokelewa kwa dole gumba? Shangazi peke yake ndiye aliyeandika neno, akitaka kujua kama karoti zilioshwa kabla ya kupulizwa, na swali lake nililiona la haki, maana angalau lilithibitisha kwamba alitazama.

Ninyi wenzangu wenye ugonjwa huu mnanielewa. Nikiwatumia mpigaji wa theremini, ile ala ya Mrusi Leon Theremin ambayo hulia bila kuguswa, naulizwa kama huyo mtu anafukuza mbu au anawanga. Nikiwatumia waimbaji wa Tuva, huko Urusi, ambao koo lao moja hutoa sauti mbili kwa wakati mmoja, nashauriwa wapelekwe hospitali.

Lakini aliyenimaliza ni mjomba. Mjomba ni mtu mzima mwenye hadhi yake, na hajawahi kukubali kwamba kuna jambo la simu linalomshinda. Wiki iliyopita nilimtumia mpiga piano mmoja akiwasilisha kile kipande cha mtunzi Mmarekani John Cage, ambacho kilipowasilishwa kwa mara ya kwanza tarehe 29 Agosti 1952, huko Woodstock katika jimbo la New York, mpiga piano David Tudor alikaa mbele ya piano kwa dakika 4 na sekunde 33, akafunga na kufungua kifuniko kuonyesha sehemu zake 3, na asibonyeze hata kibao kimoja. Muziki wake ni chochote ambacho msikilizaji atakisikia katika muda huo. Nilisahau kuandika maelezo. Kosa hilo ni langu na ninalikiri.

Mjomba aliifungua akiwa kwa daktari, katika chumba cha kusubiria, miongoni mwa wagonjwa waliotulia. Hakusikia kitu, akaongeza sauti. Hakusikia kitu, akaiongeza hadi mwisho. Akatoa njiti ya kuchokolea meno, akaanza kuzibua vitundu vya spika kimoja baada ya kingine, akaizima simu, akaiwasha, akaitazama video tangu mwanzo kwa mara ya tatu, ndipo akanipigia, wala hakuitikia shikamoo yangu.

“Mpwa wangu, simu yangu imekuwa bubu.”

“Mjomba, simu ni nzima. Muziki wenyewe ndio huo.”

“Upi?”

“Huo wa kimya.”

Kikapita kimya kirefu kati yetu, ambacho kwa haki kabisa kingeweza kuongezwa kwenye kipande kile kuwa sehemu ya 4. Kisha akauliza, kwa sauti ya hakimu, kama huyo bwana asiyepiga alilipwa. Nikajibu kwamba nadhani alilipwa. Akauliza kama watu walikaa. Nikasema kwamba wengine siku ile ya kwanza waliondoka. “Hao,” akasema mjomba, “ndio waliokuwa na akili,” akakata simu.

Mambo yangeishia hapo kama angekumbuka kupunguza sauti. Hakukumbuka, na aliporudi kwenye video ile, programu kwa hiari yake ikamletea nyingine inayofanana nayo kwa ajabu: ile kazi ya mtunzi Mjerumani Karlheinz Stockhausen iliyopigwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1995, ambamo wapiga fidla, viola na cello wanne hupaa kila mmoja katika helikopta yake, na ngurumo za mapanga ya helikopta huchanganywa na nyuzi zao. Helikopta zote 4 zikatua katika chumba cha kusubiria. Nimesimuliwa kwamba muuguzi alitazama dari, watoto waliangua kilio, na mzee mmoja aliyeingia akiegemea mkongojo alitoka nje akiuacha.

Tangu siku hiyo mjomba analipiza. Kila alfajiri anatutumia mbwa anayekanyaga kinanda, video yenye alama kwamba imesambazwa mara nyingi, na kundi zima linavunjika mbavu. Mbwa, jamani! Hana noti anayoijua, anatafuta mahali pa kulala, na shemeji anamwandikia “Hatari sana huyu!” ilhali watu wazima waliochonga karoti tangu asubuhi hawakupata hata “asante”.

Nikaapa kwamba sitatuma tena, na kiapo kikadumu hadi jioni. Nimetuma kipande cha dakika 2 kutoka katika kanisa kuukuu la Halberstadt, Ujerumani, ambako kazi nyingine ya Cage huyohuyo, iliyoagizwa ipigwe polepole iwezekanavyo, ilianza Septemba 2001 kwa kimya cha miezi 17. Vibao vya kinanda vimekandamizwa kwa vifuko vya mchanga, sauti moja iliunguruma bila kubadilika tangu 2013 hadi 2020, na muziki umepangwa kumalizika mwaka 2640.

Safari hii shemeji hakuweka dole gumba. Ameandika sentensi kamili, yenye nukta: “Hii umeikata, tuma yote.”

Nimemwekea dole gumba.