Nilivyomgeuza Baba Kuwa Dada

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuwatangazia Watanzania wote wa hapa London kwamba nimembadilisha mzee wangu jinsia kwa mashine ya chuma, nimeona afadhali niieleze habari hii mwenyewe, kabla haijaongezwa chumvi nyingine.

Mnaujua ule mradi wa usanifu ambao nimewachosha nao tangu Januari: kuchapa kwa mbinu za enzi ya Malkia Victoria, yaani herufi za madini ya risasi zinazopangwa moja moja kwa mkono, wino unaopakwa kwa rola, na Albion, mashine ya kuvuta kwa wenzo ambayo Richard Cope aliibuni papa hapa London karibu na mwaka 1820. Nikaamua kwamba kazi yangu itakuwa kadi za sherehe ya baba kutimiza miaka 70.

Taabu ilianzia kwenye droo ya herufi. Seti iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza ina e za kumwaga, ilhali Kiswahili chetu kinamaliza a na k kabla hujafika nusu ya kadi. Nilimwonea huruma Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliyechapa Kiswahili kule Unguja miaka ya 1860 pamoja na vijana aliowafundisha kupanga herufi. Nilikuwa nimekusudia kuandika "mzazi wetu", lakini z ziliniishia, nikaweka "baba yetu mpendwa". Nilivuta prufu, yaani nakala ya majaribio, nikaisoma, ikawa safi, nikaikunja na kuitia katika mfuko wa aproni. Kisha nikaenda kunywa chai, na chai hiyo ndiyo iliyoniponza.

Niliporudi niliinama juu ya fremu inayozibana herufi, nikaimulika kwa tochi ya simu, na katika mstari mkubwa kuliko yote nikaona, wazi kabisa, "dada". Jasho likanitoka. Nikajipongeza kwa kuwa na macho makali. Nililegeza kabari za fremu, nikaichomoa d ya kwanza kwa kibano, taratibu, nikiwa nimezuia pumzi, maana herufi zikimwagika sakafuni siku nzima huishia katika kuziokota na kuzirudisha vyumbani mwake. Nikaichomoa ya pili. Nikapekua droo hadi nikapata mbili ambazo hata mtoto wa chekechea angeapa kwamba ni b, nikazipachika, nikakaza kabari, nikapaka wino, nikavuta wenzo. Herufi za chapa hukaa kinyume, kama maandishi kwenye kioo, jambo ambalo nilifundishwa siku ya kwanza na ambalo mimi mwenyewe nimewahubiria ninyi mara tatu. Prufu sahihi ilikuwa ikinigusa tumbo muda wote huo. (Msiniulize kwa nini d ya "mpendwa", iliyokuwa ikionekana b mchana kweupe, haikunishtua. Nimejiuliza hilo tangu Alhamisi.)

Nilichapa kadi 80. Kila moja niliinua kwenye mwanga nikakagua wino, pambizo na kina cha chapa katika karatasi; kusoma sikusoma, kwani nilikuwa nimekwisha kusoma. Mwalimu wangu, ambaye hajui neno hata moja la Kiswahili, alisema mpangilio ni wa kupendeza sana.

Alhamisi, kwenye maonyesho ya chuo, rafiki yangu alisimama mbele ya kadi yangu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "Familia inakualika katika sherehe ya kumpongeza dada yetu mpendwa kwa kutimiza miaka 70." Akanyamaza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ndugu yangu," akasema, "una dada wa miaka 70?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Kisha nikasoma. Kisha nikakumbuka kwamba kadi 60 zilikuwa zimesafiri na mtu Jumatatu, na zilikwisha kufika Tanga.

Yaliyofuata ni mafupi. Dada yangu, mwenye miaka 38 na asiyependa kabisa kuulizwa umri, alikuwa amepokea pongezi kutoka kwa majirani sita na shangazi wawili kabla ya kunipigia simu, na alianza kwa kusema "Wewe mtoto" kisha akaendelea kwa dakika 20. Chuoni nimepata alama nzuri. Baba, kwa upande wake, ameandika asubuhi hii kuniuliza kama Jumamosi avae suti au gauni la kitenge.