Marehemu alinusurika wake wawili

Kwetu siku hizi wasifu wa marehemu usipoandikwa kwa Kiingereza watu hudhani familia haina mtoto Nairobi. Kwa hiyo Baba Mkubwa, ambaye Kiingereza chake chote kilikuwa cha kuwasimamisha ng'ombe wa plau, alichapiwa kijitabu cha picha za rangi ambacho asingekielewa.

Pasta akaomba kisomwe kwa Kiswahili, wazee wasikie. Maikrofoni alikuwa nayo MC, kijana hodari wa harusi. Kuzaliwa, kubatizwa, kustaafu, vyote vikapita salama. Kisha akafika pale: "He is survived by two wives and nine children." Akameza mate.

"Marehemu... alinusurika kutoka kwa wake zake wawili na watoto tisa."

Hema likanyamaza. Mzee wa mstari wa mbele akauliza, "Alinusurika vipi na yuko ndani ya sanduku?"

Pasta akajificha nyuma ya Biblia, mabega yakimtikisika. Ndugu za mke wa pili walisimama, wakitaka waelezwe dada yao alikuwa amemtenda nini marehemu.

Mimi ndimi mwalimu wa Kiingereza wa ukoo, basi nikasukumwa mbele. Nikaeleza kwamba neno hilo, survive, Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, karne ya 15, na mzizi wake ni Kilatini: super, kupita, vivere, kuishi. Kwamba kwanza lilikuwa la mambo ya sheria, kuonyesha nani amebaki hai mwenye mali akifa, kwa ajili ya urithi.

Kusikia urithi, wanaume waliokuwa wakisinzia nyuma wakasogeza viti. Mmoja akauliza kama Walatini walisema lolote kuhusu shamba la mtoni.

(Waingereza wana pia neno lao la kienyeji la maana hiyo hiyo, outlive: out, nje, live, kuishi. MC angelikuta hilo angesema wake wa marehemu waliishi nje, na hapo mngetuokota hospitali.)

"Kwa kifupi," nikapaza sauti, "si yeye aliyenusurika. Ni wake zake. Yeye katangulia, wao wamebaki."

Mama Mkubwa, aliyekuwa akilia tangu alfajiri, akaishusha leso usoni.

"Yaani sisi ndio tulionusurika?"

"Ndiyo, Mama."

Akamtazama mke mwenzake. Mke mwenzake akamtazama.

"Mpe huyo kijana maikrofoni aisome tena," akasema. "Wa nyuma hawakusikia."