Ramani ya Nyumba Yangu, Lugha ya Nani?
Hivi kwa nini ramani ya nyumba inayojengwa Dar es Salaam, kwa fedha za Mswahili na mikono ya mafundi Waswahili, iandikwe yote kwa Kiingereza, kana kwamba paa litaezekwa London? Msingi, lenta (boriti ya juu ya milango na madirisha), ringi (vyuma vilivyokunjwa vya kushikilia nondo), nondo za milimita 12, zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto): yote haya fundi huyataja hata usingizini, lakini akikabidhiwa karatasi anaanza kukisia, na gharama ya kukisia huko ni yangu, kwa mifuko ya saruji. Agizo kwamba zege limwagiliwe maji kwa siku 7 limejificha pembeni, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Nani alisome? Sisimizi? Mchoraji ukimuuliza, anashangaa. Ada yake, hata hivyo, huitaja kwa Kiswahili fasaha kabisa.