Mchezaji Akila, Ndipo Wakala Naye Ale

Dirisha la usajili likifunguliwa, vijiwe vya Kariakoo vinazungumzia dau tu: fulani kapewa ngapi, kapewa na gari gani. Ni nadra kusikia mtu akiuliza wakala kachukua kiasi gani, na kachukua lini. Kwangu mimi hiyo "lini" ndiyo inayowaumiza vijana wetu kuliko hata asilimia yenyewe.

Tuchukue mfano. Mchezaji anasaini miaka miwili. Pesa ya usajili milioni 20 kwa mafungu mawili, mshahara milioni 1.5 kwa mwezi. Jumla milioni 56. Wakala ana asilimia 10, yaani milioni 5.6, na anaikata yote kwenye fungu la kwanza. Kijana anabaki na milioni 4.4, anatuma nyumbani, analipa kodi ya chumba. Miezi sita baadaye mishahara inakwama. Hadi hapo klabu imemlipa milioni 19, na wakala ameshachukua karibu asilimia 30 ya hizo. Madai anayapeleka TFF, shirikisho la soka nchini, peke yake.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Mbagala alinionyesha mkataba wake na wakala, ukurasa mmoja alioupiga picha kwa simu. Kwenye malipo pameandikwa "asilimia kama watakavyokubaliana." Namba hakuna. Sahihi yake ipo chini, na ya baba yake pia, kwa wino wa bluu.

FIFA walishaliona hili. Kanuni zao za mawakala, zilizoanza kutumika kikamilifu Oktoba 2023, zilitaka wakala wa mchezaji asizidi asilimia 5 ya mapato ya mwaka hadi dola 200,000, na asilimia 3 kwa kinachozidi hapo. Tena alipwe kwa awamu, kulingana na pesa iliyokwisha kumfikia mchezaji. Mawakala wa Ulaya wakaenda mahakamani, na kutokana na zuio la mahakama ya Ujerumani, FIFA ikasimamisha vipengele hivyo dunia nzima mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo.

Lakini hatuna sababu ya kuwasubiri. Marekani, chama cha wachezaji wa NFL, ligi yao ya futiboli ya Kimarekani, ndicho kilichoweka ukomo wa asilimia 3, na wakala haruhusiwi kupokea chake kabla mchezaji hajalipwa. Ni chama cha wachezaji wenyewe! Sisi tunayo SPUTANZA, chama cha wachezaji wa soka Tanzania.

Siwachukii mawakala. Anayekuhangaikia majaribio nje, viza na tiketi, anastahili ujira wake, na mtu wa aina hiyo haogopi kuandika namba. Ninachokitaka ni TFF ikatae kusajili mchezaji mwenye wakala mpaka ione mambo mawili kwenye mkataba wao: asilimia iliyoandikwa kwa tarakimu, na sharti kwamba wakala anakata kwenye kila malipo yanapoingia, si kabla.