Bendi zetu nazo zipewe usiku wao

Agosti ikifika hapa Edinburgh sihitaji redio. Inapokaribia saa nne usiku, upepo ukivuma kutoka ngomeni, ngoma zinanifikia hadi jikoni. Miaka mitano niliishia kuzisikia hivyo hivyo kwa mbali, maana tiketi za Royal Edinburgh Military Tattoo, onyesho la bendi za kijeshi mbele ya ngome, hazinunuliki bila kujipanga. Mwaka jana nilijibana, nikanunua mbili, yangu na ya binti yangu wa miaka tisa.

Tulikuta foleni imejaa mtaa mzima unaopanda ngomeni. Kwenye kichochoro cha pembeni kijana mmoja wa bendi alikuwa akiiweka sawa zumari yake. Zumari hii ya Kiskoti ina mambo. Mfuko unabanwa kwapani, mabomba matatu marefu yanalala begani, na hayo matatu kazi yake ni kushika sauti moja isiyobadilika. Wimbo wenyewe unatoka kwenye filimbi ya chini, yenye noti tisa tu. Alizungusha bomba moja kidogo, akasikiliza, akazungusha la pili, akasikiliza tena, kijasho kinamtoka na baridi yote ile. Binti yangu aliganda pale mpaka nikamvuta mkono. Noti tisa! Na kwa noti hizo wamejenga kitu ambacho dunia nzima inakuja kukitazama.

Uwanja wa mbele ya ngome ni mdogo kuliko unavyoonekana kwenye televisheni. Majukwaa yameuzunguka pande tatu, yanachukua watu wapatao 8,800. Mvua ilianza kabla hata bendi ya kwanza haijaingia, na hakuna aliyenyanyuka. Mwavuli haufunguliwi, utawaziba walio nyuma, kwa hiyo kila mtu alijifunika nailoni akatulia. Kisha wakatoka langoni wapiga zumari na wapiga ngoma, safu kwa safu, mguu mmoja, hadi benchi tulilokalia likawa linatetemeka.

Onyesho hili lilianza 1950, na siku hizi linakusanya watu zaidi ya 200,000 kila Agosti. Neno tattoo lina asili ya Kiholanzi. Karne ya 17 mpiga ngoma alikuwa akipita mitaani jioni kuwaambia wenye vilabu wafunge bomba za pombe, askari warudi kambini. Leo ngoma ile ile ndiyo inayowatoa watu majumbani.

Mimi nilikua na bendi pia. Alfajiri ya 9 Desemba, Siku ya Uhuru wa Tanganyika, mjomba alikuwa akinipitia, tunadandia daladala hadi Uwanja wa Taifa, huu ambao sasa ni Uwanja wa Uhuru. Hatukulipa hata senti. Tulikaa mzunguko, viti vya watu wa kawaida mbali na jukwaa kuu, jua la Dar es Salaam likituchoma usoni. Nililosubiri mimi ni gwaride la kimyakimya. Askari wanageuka, wanapishana, bunduki begani, bunduki chini, na hakuna amri inayotolewa. Uwanja mzima unanyamaza mpaka unasikia visigino. Halafu mama mmoja anashindwa kuvumilia, anapiga kigelegele, na hapo watu wote wanalipuka.

Kigelegele hicho sijakisikia huku. Watu wanapiga makofi kwa adabu mwisho wa kila kipande, kisha wanatulia. Na wengi wao ni wageni wa mji. Jirani yangu, mzee aliyezaliwa hapa hapa na kuvuka miaka sabini, hajawahi kuingia hata siku moja. Anasema yale ni mambo ya watalii kwa bei ya watalii. Hilo silipendi. Gwaride letu, ambalo muuza karanga na mkurugenzi wanalitazama bila kiingilio, ni kitu kikubwa, na nawaomba walioko nyumbani wasije wakaanza kulikatia tiketi.

Ila kule mzunguko tulikuwa tunaona migongo. Nimeishi miaka mingi bila kuliona hilo kuwa tatizo, hadi usiku ule wa mvua. Bendi yetu inaingia, inageukia jukwaa kuu, inatoa heshima, inapiga mgeni rasmi anapokagua gwaride, inatoka. Tumeifanya pambo la sherehe. Hata Edinburgh kila usiku kuna mgeni wa kupokea saluti, lakini akishaipokea imekwisha, muda wote uliobaki ni wa muziki. Yetu kwa kuwa ni pambo, sherehe isipokuwepo nayo haipo. Mwaka 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa, siku ikawa ya usafi, fedha zikaenda kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco, hapo hapo Dar es Salaam. Mwaka 2022 zikafutwa tena, fedha zikajenge mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Siwezi kubishana na bweni la mtoto. Ninachouliza ni kwa nini mpiga tarumbeta aliyefanya mazoezi mwaka mzima awe ndani ya bajeti ile ile ya mahema na misafara.

Na mambo haya sisi si wageni nayo. Miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walizitazama bendi za kijeshi za Wazungu, wakazigeuza ngoma ya mtaani wakaiita beni. Mombasa walishindana Kingi na Skochi, na jina la Skochi mtu anayeishi Scotland hahitaji kufafanuliwa. Tanganyika ikagawanyika Marini na Arinoti, kila upande na sare zake, vyeo vyake na majenerali wake. Askari wa Vita Kuu ya Kwanza, wa upande wa Wajerumani na wa upande wa Waingereza, wakaisambaza bara.

Mjomba ni mtu wa Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, na ujanani alicheza mganda, ngoma iliyozaliwa na hiyo hiyo beni. Nguo nyeupe zilizopigwa pasi, soksi ndefu, mstari ulionyooka. Mahali pa tarumbeta ya shaba kuna kibuyu kilichotobolewa na kuzibwa kwa utando mwembamba, unaotetemeka mtu anapoimba ndani yake. Hawakuwa na fedha ya kununulia tarumbeta za shaba, sauti wakaitafuta shambani. Asubuhi baada ya onyesho nilimpigia, nikamtumia video. Alitazama kimya hadi mwisho.

"Mjomba, rudisha pale pa ngoma kubwa," akaniambia. "Umemwona anavyowatazama miguu? Hata sisi ngoma kubwa ndiyo iliyokuwa inatushika miguu."

Mwisho wa onyesho taa huzimwa, akabaki mpiga zumari mmoja juu ya ukuta wa ngome, mwanga umemwangukia yeye peke yake. Watu wote wale na nailoni zao, huwezi kusikia hata kikohozi. Binti yangu aliniuliza kwa kunong'ona kama na kwetu yupo mtu kama huyo. Nikamwambia yupo, lakini hajapewa usiku wake.

Nautaka usiku huo. Mmoja tu kwa mwaka, usiofungwa na hotuba wala kumbukumbu ya chochote, pale pale Uwanja wa Uhuru, na mlango uwe wazi kama zamani. Bendi ya jeshi letu, JWTZ, ya Polisi, ya Magereza, kila moja ipewe muda wake wa kutosha, isimame katikati na igeukie pande zote. Halaiki ya watoto iwepo. Gwaride la kimyakimya liwepo, na akina mama wake wa vigelegele. Wanyasa waletwe na mganda wao, na kama Lamu au Mombasa bado kuna mzee anayezijua hatua za beni, atumiwe nauli. Mwishoni taa zizimwe, abaki mtu mmoja na kibuyu chake, juu kabisa kule mzunguko, upande wa jua, tulipokuwa tunakaa sisi.