Mama alivyoingia kwenye obiti

Jamani, semina ya fizikia chuo mwaka wa pili, mimi na mwenzangu tukapangiwa kueleza kwa nini elektroni ya haidrojeni, ile chembe ndogo inayozunguka kiini cha atomu, haikai popote inapotaka. Jibu la mwanafizikia Mfaransa de Broglie la 1924 halina makuu: ichukulie ni wimbi linalozunguka, basi mzingo wa njia yake lazima ujae mawimbi kamili, moja, mawili, matatu, manne, maana likiwa mawili na nusu linajirudia vibaya linajifuta lenyewe.

Tukaona maneno mengi ya nini, tuonyeshe. Tukaazima sabufa ya jirani hosteli (tulimwambia ni ya mziki, na si uongo sana), tukagandisha pete ya waya katikati ya koni kwa supaglu, simu yangu ina app ya kutoa sauti ya masafa unayotaka (yaani mitikisiko mingapi kwa sekunde), tukaiunga kwa bluetooth. Sasa waya mgumu, sauti nzito yenyewe huisikii vizuri, ikabidi volyumu iende mwisho. Mwisho mwisho kabisa.

Ikakubali bwana! Pete ikatulia na matumbo yake (zile sehemu zinazotikisika zaidi), ukipandisha masafa kidogo inachanganyikiwa, ukipandisha tena inatulia na wimbi limeongezeka, darasa makofi. Nikanogewa, nikachomekea stori ya kina Thomson, baba mtu J.J. kagundua elektroni 1897 kama chembe, halafu mwanaye George 1937 anagawana Nobeli na Davisson kwa kuonyesha chembe hiyohiyo ya mzee inatawanyika kama wimbi, nikasema mzazi na mtoto bwana...

Simu ikaita.

Mlio ukalipuka ukumbi mzima, mwenzangu kwa kiherehere akabonyeza kitufe cha kusimamisha mziki, na zile sabufa za bei chee unazijua, simu ikiita kitufe hichohicho ndo kinapokea.

"WEWE! HELA YA GODORO UMENUNUA GODORO KWELI? MBONA SHANGAZI YAKO KASEMA UNALALIA MABOKSI?"

Waya ukapagawa. Mama akipanda nao unapanda, hakuna mawimbi kamili wala nusu, kufika kwenye "maboksi" pete ikachomoka na kipande cha koni, ikatua mapajani kwa mwenye sabufa, aliyekaa mstari wa mbele kutusapoti.

Dokta, mwalimu wetu wa semina, anafuta machozi kwa kucheka, akasogea kwenye simu: "Endelea tu mama, wanafunzi walikuwa hawajaelewa."

"Na we baba nani? Ndo unayekula naye hela ya godoro?"