Chanjo ya mpox: tuanze na madereva wa malori?

Tangu mgonjwa wa kwanza wa mpox (ugonjwa wa virusi unaoleta vipele) nchini agunduliwe mpakani Taveta Julai 2024, kuna mjadala ambao haujatulia hapa Mombasa. Je, chanjo ianze na madereva wa masafa marefu na wanawake wa biashara ya ngono walioko kandokando ya barabara kuu, au kila mtu apate nafasi sawa?

Wanaotaka madereva watangulie wana hoja nzito. Mpox huambukizwa kwa ngozi kugusana, ngono ikiwemo, na hata kwa shuka na taulo za mgonjwa. Aina ya virusi hivyo iitwayo Ib iligunduliwa Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu mashariki mwa Kongo, na huko ilienea sana kwa njia ya ngono. Mizigo ya huko hupitia bandari yetu, na chanjo haijawahi kutosha watu wote. Tena wengi wetu hatuna kinga. Chanjo ya ndui ilikinga mpox pia, kwani virusi vyote viwili ni vya kundi la ortopoksi, lakini iliachwa baada ya ndui kutangazwa kutokomezwa mwaka 1980. (Tetekuwanga haimo katika kundi hilo, aliyewahi kuiugua asidhani amekingika.)

Hata hivyo, wanaopinga nawaelewa. Ukitangaza "chanjo ya madereva", umeshampa mke wa dereva kule Kisauni shaka ambayo hakuwa nayo. Mwenye vipele atajificha, atanunua dawa ya kupaka dukani, na huku nyumbani watoto wanaambukizwa.

Mimi nasema tuanzie barabarani, ila tuchague mahali, tusichague watu. Hema liwekwe Miritini, Changamwe na Mariakani, lifunguliwe hadi usiku, limchanje dereva, taniboi, mfagiaji wa gesti, muuza chakula na wa bodaboda. Asiulizwe mtu amelala na nani.

Kinachonisumbua zaidi ni dozi ya pili. Chanjo ya mpox iitwayo MVA-BN hutolewa mara mbili, wiki nne zikipita katikati. Aliyechanjwa leo Miritini, siku hiyo ikifika huenda yuko Kampala, au yuko kwenye foleni ya mpakani Malaba. Kadi yake isipokubaliwa ng'ambo ya mpaka, atabaki na kinga pungufu. Wizara ya Afya ikubaliane na Uganda na Rwanda kuhusu kadi hiyo kabla hema la kwanza halijasimamishwa.